Viti Vilivyolala

Nakumbuka adhuhuri moja ya kiangazi, mwanangu, nilipofungua kufuli la ukumbi wetu wa maonyesho pale Dodoma nikakuta kiti kimoja kimesimama. Vingine vyote vilikuwa vimelala ubavu juu ya mchanga mwekundu, kama tulivyovilaza. Kimoja tu, kilichokuwa pembeni karibu na dirisha, kilikuwa wima juu ya miguu yake mitatu, na mchanga uliokizunguka ulikuwa laini vilevile kama nilivyouacha nilipomaliza kuufagia. Sikupiga kelele. Nilirudi mlangoni, nikalitazama kufuli, nikautazama ufunguo uliokuwa mkononi mwangu, kisha nikakitazama tena kile kiti.

Nakuandikia haya kwa sababu umepewa kazi ya kupanga maonyesho, na kwa sababu uliponisomea maelezo uliyoyaandaa nilisikia neno “inasemekana” likijirudia humo kama kikohozi. Sikutaka kukukemea mbele ya wenzako. Nakukemea hapa, taratibu, tukiwa wawili.

Wanijua kwamba mimi si mtu wa habari za kusikia. Kwa hiyo katika kisa hiki nitatenganisha niliyoyaona na niliyoambiwa, na pale nisipojua nitasema sijui. Ukiona jambo limekushinda kulielewa, fahamu kwamba limenishinda mimi pia, na miaka mingi imepita.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa bidhaa kwa ghafla, vitambaa vya kila rangi na redio za kila ukubwa, lakini ofisi za umma zilikuwa zikipunguziwa mafungu yake. Makumbusho yetu yalikuwa madogo. Yalikaa katika ghala la mawe lililojengwa na wafanyabiashara wa zamani wa misafara, lenye kuta nene na madirisha membamba. Tukaambiwa tujitafutie wafadhili na tuwavutie wageni. Mpaka wakati huo tulikuwa tumezoea kupanga vitu kwa rafu tu: vibuyu upande huu, mikuki upande ule, na kila kitu na kikaratasi chake.

Mkuu wa kitengo cha maonyesho, Bwana Festo, alikuwa ametoka masomoni ng’ambo, na alikuwa na akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alisema zama za rafu zimekwisha.

“Watu hawaji kutazama vitu,” alituambia. “Wanakuja kutazama wazo. Tuchague wazo moja, kisha kila kitu ukumbini kilitumikie. Kisicholitumikia kikae stoo.”

Wazo alilolichagua lilitokana na desturi niliyoiona mwenyewe katika baadhi ya nyumba za wakulima wa Kondoa. Huko, mwanamume mwenye mji wake huwa na kiti chake, kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kutoka gogo moja, nacho hakikaliwi na mwingine. Akisafiri, mkewe hukiacha kimesimama mahali pake na hukipaka mafuta kisikauke. Akifa, wazee hukilaza ubavu. Kiti kikishalazwa hakuna anayebisha tena: mwenyewe amekufa, urithi unagawanywa, na mjane anaingia mikononi mwa ukoo wa mumewe.

Maonyesho yakapewa jina la Viti Vilivyolala. Festo alitaka sakafu yote ifunikwe mchanga, viti vya wazee waliofariki vilazwe juu yake, na nyuma ya kila kiti, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, achore kwa mkaa kivuli kirefu cha mtu aliyeketi. Aliichora michoro ile yeye mwenyewe, na lazima niseme kwamba alikuwa na mkono wa pekee. Hakuchora nyuso wala nguo. Alichora mabega, shingo, na vichwa vilivyoinama kidogo, kama vya watu wanaosikiliza jambo. Kazi yangu mimi, msaidizi wa mhifadhi, ilikuwa kuandika maelezo ya kila kiti: cha nani, kutoka wapi, kimechongwa kwa mti gani.

Kiti cha karibu na dirisha kililetwa na mtu aitwaye Ramadhani, kutoka Busi. Alikuja nacho ndani ya gunia. Alikuwa mtu mwenye haraka, na alipokuwa akiongea macho yake hayakutulia.

“Cha kaka yangu hiki,” alisema. “Marehemu Athumani. Alikwenda Makutupora kufanya kibarua kwenye mizabibu, akafia hukohuko. Mtakilaza, siyo?”

“Tutakilaza,” alijibu Festo.

“Na mtaandika marehemu?”

“Tutaandika.”

“Kwa maandishi ya serikali?”

Festo alicheka. “Kwa maandishi makubwa, bwana! Utayasoma ukiwa barabarani.”

“Basi wazee wetu watakuja siku ya ufunguzi,” alisema Ramadhani. “Wanataka wakione kwa macho yao.”

Tulidhani ni mapenzi ya ndugu. Nikaandika kwa wino mweusi: Kiti cha marehemu Athumani wa Busi.

Siku iliyofuata ndiyo ile niliyokueleza mwanzoni. Nilikilaza kiti, nikaufagia mchanga, nikafunga. Kesho yake nilikikuta kimesimama tena. Festo alikasirika, akamwita mlinzi, mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa na ubishi wake.

“Unaingia humu kutuchezea?” alimwuliza.

“Mimi? Niingie humo, na hivyo vivuli ulivyovichora?” mlinzi alijibu. “Bwana mkubwa, ukitaka niingie nipe kwanza barua ya kuacha kazi. Nitaingia nikiwa raia.”

Ufunguo ulikuwa mmoja, nami ndiye niliyekuwa nao. Madirisha yalikuwa na nondo ambazo hata paka asingepita. Nilikagua miguu ya kiti nisije nikawa nahangaika kwa sababu ya mti uliopinda. Haikuwa imepinda. Nilikilaza upande mwingine, nikakitikisa, nikakipuliza kama ambavyo upepo ungefanya. Kilibaki kimelala kama gogo lolote.

“Profesa,” Festo alinitania, “huyo babu anataka kuondoka. Mpe nauli.”

Sikucheka. Niliamua kukaa humo ndani mwenyewe, mchana mweupe, mlango ukiwa umefungwa. Nilibeba kisanduku cha kukalia na kazi yangu ya kuandika, nikaketi katikati ya ukumbi. Unalijua jua la Dodoma likiwa utosini: mji hunyamaza, mbwa huacha kubweka, na vumbi husimama hewani kana kwamba halijui liende wapi. Ndani ya kuta zile za mawe kulikuwa baridi. Nilivitazama viti muda mrefu. Vilikuwa vimelala vyote. Kisha niliinama kuandika mstari mmoja, mstari mmoja tu, na nilipoinua kichwa kiti cha Athumani kilikuwa kimesimama.

Sikusikia kishindo wala mkwaruzo wowote. Mchanga haukuwa na alama. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukiangukia kile kiti, na kivuli chake kikapanda ukutani kikagusana na kivuli cha mkaa alichokichora Festo. Miguu ya kiti, mabega, kichwa kilichoinama. Alikuwa mtu aliyeketi. Nilimwona kama ninavyoiona karatasi hii.

Nilisimama, nikaenda, nikakilaza. Pale pa kukalia palikuwa na joto. Si joto la jua, maana upande ule wa kiti ulikuwa kivulini. Lilikuwa joto la mahali alipotoka kuketi mtu.

Nikatoka nje, nikafunga mlango, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Wakati ule niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kile nilichokiona.

Ufunguzi ulipokaribia, alikuja mwanamke mmoja wa makamo, mwembamba, khanga zake zimejaa vumbi la lori. Nilimwamkia, naye akaitikia “marahaba” bila kunitazama, maana macho yake yalikuwa yameshaingia ukumbini. Alinipita. Alitembea juu ya mchanga moja kwa moja mpaka dirishani, akainama, akakisimamisha kiti, akaanza kukifuta kwa ncha ya khanga.

“Mama, vifaa haviguswi,” Festo alimwambia.

“Vifaa?” Aligeuka. “Hiki ni kiti cha mume wangu. Nani amekilaza?”

Alikuwa Bi Zena, mke wa Athumani. Ramadhani alikuwa amekichukua kiti alipokuwa shambani. Habari za kifo, alituambia, zililetwa Busi na watu waliotoka kuvuna zabibu. Wao walisema wameona kaburi. Yeye akauliza nani alimwona maiti, hakupata jibu, akakataa kukaa eda na akakataa kiti kilazwe. Wazee wa ukoo wakawa wamegawanyika. Sasa Ramadhani alikuwa amewaambia kwamba serikali yenyewe imekubali, kiti kimelazwa Dodoma na kimeandikwa marehemu. Wangekuja kuhakikisha siku ya ufunguzi, na wakirudi wangemwozesha kwa Ramadhani.

“Sikatai kuwa mjane,” alisema. “Mwenye kufa hufa. Lakini mnioneshe aliyemwona. Nikiolewa na huyu na yule yu hai, mbele ya Mungu mimi ni nani?”

Festo alikuwa na huruma, lakini alikuwa na maonyesho pia. “Mama, hii ni sanaa,” alisema kwa upole. “Hatuhukumu kitu hapa.”

Hapo ndipo Mzee Salehe, mkuu wa makumbusho, alipoingia. Alikuwa wa familia moja ya wale wafanyabiashara wa zamani, Mwislamu mtulivu, mwenye kanzu siku zote za wiki, msomi wa Kiarabu na Kijerumani ambaye hakuwahi kujitapa kwa lolote kati ya hayo. Alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Alikiokota kikaratasi changu, akakisoma, akanigeukia mimi na si Festo.

“Huu mwandiko ni wako?”

“Ndiyo, mzee.”

“Nani alimwona Athumani akifa?”

“Ndugu yake ndiye aliyetuarifu.”

“Yeye alimwona?”

“Aliambiwa.”

“Na hao waliomwambia?”

Nilikitazama kikaratasi kilichokuwa mkononi mwake.

“Kijana, umemwua mtu kwa kalamu,” alisema. Hakupandisha sauti. “Huko vijijini mtu anaweza kubishana na shemeji yake mpaka wajukuu wakue. Hawezi kubishana na kuta hizi. Ukiandika hapa, mjadala umekwisha. Unataka kumwozesha mke wa mtu?”

Nikajaribu kujitetea. Nikamweleza habari za kiti, jinsi kilivyosimama, jinsi nilivyokaa nacho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kile kiti ambacho Bi Zena alikuwa bado amekishikilia.

“Habari za viti sizijui,” alisema. “Pengine unasema kweli. Lakini kama ulikiona kinasimama, ilikubidi uulize habari za mtu, si za kufuli. Kesho nenda Makutupora. Usiniletee maneno. Niletee aliyeona.”

Bi Zena alilala nyumbani kwa Mzee Salehe, kwa wake zake, nami asubuhi nikaenda.

Mavuno yalikuwa yamekwisha. Mizabibu ilikuwa imesimama mistari kwa mistari, mikavu, imefungwa kwenye waya zake kama mikono, na kambi ya vibarua ilikuwa karibu tupu. Kaburi nilioneshwa bila shida. Lilikuwa nyuma ya kambi, tuta la udongo lenye bakuli la bati lililofudikizwa juu yake. Halikuwa na jina. Nikamwuliza nyapara ni la nani.

“La Athumani, mtu wa Busi.”

“Ulimwona uso?”

“Alikuwa amefunikwa blanketi, na vibarua tunawajua kwa nyuso, si kwa majina. Ugonjwa wake tuliuogopa. Mpishi ndiye aliyeniambia ni Athumani.”

Nikaenda kwa mpishi, mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama.

“Mimi?” alisema. “Mimi nilijuaje? Si nyapara ndiye aliyeniambia!”

Nikawaita wote wawili, nikawasimamisha pamoja. Wakatazamana. Nyapara akasema, “Wewe ulikuja asubuhi ukasema Athumani katutoka.” Mpishi akasema, “Nilikuja nikakukuta unasema.” Nikaona hofu ikiwaingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Habari ile ilizunguka kati yao wawili na haikuwa na mahali ilipoanzia. Walikuwa wamemzika mtu, wakamwombea kwa jina, wakapeleka salamu za rambirambi mpaka Kondoa, na hakuna kati yao aliyejua jina lile lilitoka kinywani mwa nani.

Hatimaye mpishi akashika shavu. “Yule mwenzake,” alisema. “Walilala chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akimwuguza, na yeye ndiye aliyejitokeza mlangoni alfajiri. Sasa nasikia anafyatua matofali Nkuhungu.”

“Unasikia?”

“Aa, hilo nimeona mwenyewe. Nilinunua kwake.”

Nilirudi mjini nikamchukua Bi Zena. Tulifika Nkuhungu jua likianza kuelekea magharibi. Siku zile kata ile ilikuwa nyumba zilizojengwa nusu, kuta zisizo na paa, milango isiyofungwa. Mtu tuliyeelekezwa alikuwa katika uwanja wake, peke yake, mikono imezama kwenye udongo mpaka kwenye viwiko. Bi Zena alibaki nyuma yangu, amejitanda khanga mpaka machoni.

“Tunamtafuta Athumani wa Busi,” nilimwambia.

Aligeuza kichwa akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na mtu.

“Athumani alikufa,” alisema.

“Wewe ulikuwapo?”

“Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyewaambia.”

“Ulimzika?”

“Nilimzika mwenyewe.”

Sauti yake ilikuwa kavu na ya mbali, na alisema bila kupepesa. Ningeapa kwamba hasemi uongo. Ndipo Bi Zena, nyuma yangu, aliposema neno fupi katika lugha yao, ile lugha yenye vidoko vya ulimi ambayo mgeni hawezi kuiiga. Yule mtu akamjibu papo hapo, kwa lugha ileile, kidoko kwa kidoko. Kisha akaupeleka mkono wake wenye matope mdomoni, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

“Umemwambia nini?” nilimwuliza Bi Zena.

“Nimemwuliza kama amekula.”

“Naye?”

“Kasema bado.”

Athumani aliketi chini palepale kwenye udongo. Alisema kwamba mwaka ule zabibu zilikosa mnunuzi, na aliona haya kurudi Busi mikono mitupu baada ya kuaga kwa majivuno. Mwenzake wa chumbani alipofariki, na watu wa kambi wakauliza ni nani aliyekufa, alitaja jina lake yeye. Alidhani amepumzika. Lakini tangu hapo, alisema, mtu akimwita kwa jina lolote, husikia kana kwamba anaitwa mtu aliye nyuma yake.

“Na majuma haya kumezidi,” aliniambia, maana kwa mkewe hakuweza kutazama. “Nikijinyoosha mchana kupumzika, nasikia mkono unanishika bega unanilaza kwa nguvu. Nafungua macho, nimesimama wima katikati ya nyumba. Kila siku. Nani ananilaza, kaka?”

Mwanangu, niliingiza mikono yangu mifukoni. Sikumjibu siku ile na sijamjibu mpaka leo.

Bi Zena aliondoa khanga usoni. Hakulia.

“Simama,” alimwambia. “Usinipe habari za kuzikwa. Wazee wanakuja Alhamisi. Nataka uje wakuone, kisha uniache kwa kinywa chako mbele yao. Maiti hatoi talaka. Wewe unaweza.”

“Mwachie Ramadhani,” alisema Athumani. “Mimi nimekwisha.”

“Ramadhani atafute mke wake, asinitumie mimi kupata shamba lako bure. Mimi nina pa kurudi, kwa baba yangu. Utakuja?”

Alisema atakuja. Mzee Salehe alipopewa habari zote aliuliza swali moja tu, kama haiwezekani kuwasuluhisha.

“Nisuluhishwe na nani, mzee?” Bi Zena alimjibu. “Na marehemu?”

Asubuhi ya ufunguzi, kabla ya wageni rasmi, tuliwafungulia wazee wa Busi. Waliingia na Ramadhani mbele yao, amevaa koti jipya. Waliukuta ukumbi kama Festo alivyoutaka, viti vimelala, vivuli vimeinama ukutani, na kiti kimoja kimesimama. Hicho tulikisimamisha sisi, kwa amri ya Mzee Salehe. Ramadhani alianza kulalamika, akaishia katikati ya neno.

Athumani alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na jua kali, kwa hiyo kilichoonekana kwanza kilikuwa mabega tu, shingo, na kichwa kilichoinama. Mzee mmoja alianza kusoma “Inna lillahi” kwa sauti ya kutetemeka. Mwingine akamshika mwenzake mkono akasema, “Msimsogelee.” Athumani alitembea juu ya mchanga, na kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya nilisikia kila hatua, mpaka alipofika mbele ya kiti chake. Alikitazama kama mtu anavyotazama picha yake ya utotoni. Hakukikalia.

Mzee Salehe alisema, “Mwulizeni.”

Mkubwa wao, mzee mwenye jicho moja jeupe, alimkaribia, akamshika kifundo cha mkono, akakaa nacho kitambo.

“Damu inatembea,” alisema hatimaye. Kisha akamzaba kofi moja la shavu, akaanza kulia yeye mwenyewe. “Tumekusomea hitima, mtoto mpumbavu! Tumekusomea hitima, na mbuzi tumekula!”

Baada ya hapo, mbele ya wote, Athumani alimwacha Bi Zena kwa maneno yaliyo wazi, na Mzee Salehe na yule mkubwa wao wakawa mashahidi. Ramadhani alitoka bila kuaga. Nilimwona akivuka barabara na koti lake jipya, akitembea haraka kama kawaida yake.

Festo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwuliza Bi Zena angependa kiti kifanyweje.

“Ni chake,” alisema. “Mwulizeni yeye. Miaka yote hii nilikuwa nikikipaka mafuta. Sasa nimepumzika.” Akajifunga khanga yake kiunoni, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akatoka kwenda kutafuta lori la Kondoa. Hakukimbia wala hakugeuka.

Athumani akasema kibaki ukumbini, nami nikakichana kikaratasi changu. Nikaandika kingine: Kiti cha Athumani wa Busi. Mwenyewe tumemwona.

Nilihamishwa kituo muda si mrefu baadaye. Zipo habari kwamba baadaye kiti kile kilikutwa kimelala, na zipo habari za siku kilipokutwa hivyo na lililotokea siku hiyo. Sikuwapo. Ukikutana na anayezieleza, usimwambie kwamba ulizisikia kwangu.

Lakini lipo jambo moja ninalolijua, na ndilo lisiloniachia usingizi. Kule Makutupora yupo mtu aliyezikwa kwa jina la mwenzake. Athumani alijua tu kwamba alitoka upande wa Singida, na kwamba alipenda kuimba akikata zabibu. Sisi sote, Mzee Salehe na wazee na mimi, tulishughulika kumwondoa Athumani kaburini, na tulipokwisha kumwondoa tukarudi makwetu. Hakuna aliyeuliza basi ni nani aliyebaki humo. Mahali fulani upande ule kuna nyumba ambayo huenda mtu bado anamngojea. Mzee Salehe mwenyewe alilikumbuka hilo akiwa mgonjwa kitandani, akaniambia, “Tulimaliza nusu ya kazi.” Nilikwenda Singida baada ya hapo, nikauliza vijiji vingi. Sikumpata.

Basi shika haya, mwanangu. Maonyesho ni ushahidi, hata ukiyapamba kwa mchanga na mkaa. Mtu atakayesimama mbele ya maneno yako hatakuona wewe uliyeyaandika ukisitasita. Ataona ukuta, na ukuta hauulizwi. Kwa hiyo uliza wewe kabla yake. Kila kitu utakachokiweka ukumbini, mtafute aliyeona, na akikwambia aliambiwa, mfuate aliyemwambia, mpaka ufike kwa mtu wa kwanza au ujue kwamba hayupo. Usipompata, acha nafasi wazi. Karatasi nyeupe haijawahi kumwozesha mke wa mtu. Na wazo lako likiwa zuri sana, hapo ndipo ulichunguze zaidi, kwa maana wazo zuri lina njaa, na humeza watu wazima wazima likawaita vifaa. Kila kitu ukumbini kina mtu wake. Mwulize mtu huyo kabla hujakilaza.

Futa lile neno lako. Kisha nenda kwenye kazi yako bila hofu. Mungu akupe jicho linaloona na ulimi unaokiri usichokijua. Akukutanishe na mkubwa wa kukukemea mapema, kabla wino haujakauka. Na kila jina litakalopita mikononi mwako alifikishe salama kwa mwenyewe. Amin.